Bwana Kumbukumbu na Malkia wa Vikaratasi

"Shoga, hivi mumeo ni msomi au ni mgonjwa?"

Swali hilo aliliuliza jirani muuza mkaa, siku alipomkuta mume wa Mama Sindano ameinama jalalani, anaibembeleza karatasi ibanduke kwenye ganda la ndizi. Mama Sindano alikuwa kibarazani anapinda suruali ya mteja. Akakata uzi kwa meno, akafikiri kidogo.

"Bado nasubiri Mungu anionyeshe," akajibu.

Mume huyo mtaa mzima ulimwita Bwana Kumbukumbu. Kabla ya kustaafu alikuwa tarishi. Ujana wake wote alibeba barua za wakubwa bila kuchungulia hata moja, na huenda kiu hiyo ndiyo iliyomlipukia uzeeni. Akaanza kukusanya kila karatasi iliyochoka: stakabadhi za viatu, tiketi za sinema iliyokwisha kubomolewa, barua za watu waliosalimiana kurasa mbili nzima na habari yenyewe mstari mmoja.

Na alizipiga pasi. Naam, pasi! Shati lake lilikunjamana kama shingo ya kobe, lakini stakabadhi ya sabuni ilinyooka kama askari wa gwaride.

"Wenzangu wataacha majumba," alijigamba. "Mimi nitaacha historia!"

"Uache na mlango wa kabati pia, baba," mkewe alimwambia kwa upole. "Nguo zangu zinaona aibu."

Maana alikuwa ameung'oa mlango wa kabati la chumbani ili aufanye ubao wa maonyesho. Akapika gundi ya unga wa ngano kwenye sufuria ya mkewe, nzito kiasi kwamba mwiko ulisimama wenyewe, akazibandika hazina zake zote. Kisha akawaalika majirani Jumamosi asubuhi.

Jumamosi hiyo hiyo Mama Sindano alikuwa na msiba wake mdogo. Cherehani yake ilikuwa kwa fundi tangu Jumanne, na shule zilikuwa zinafunguliwa Jumatatu. Mashati ya watoto wa mtaa mzima yalilala mezani, yamekatwa, hayana mikono wala kola, kama kwamba yamepata ajali. Alikuwa amewaahidi mama zao, na ahadi kwake ilikuwa kama kiapo. Cherehani ilikwisha kupona, lakini fundi hatoi kitu bila kikaratasi chake, hata uje na machozi. Na Jumamosi anafunga adhuhuri.

Kikaratasi hakionekani! Alitafuta kwenye kopo la vifungo. Akatafuta ndani ya kitabu cha sala. Akainua godoro, akapiga goti, akamwomba Mungu, akainua godoro tena.

Sebuleni, sauti ya mumewe ilikuwa imepanda mimbari.

"Tazameni stakabadhi hii ya viatu! Mwenye viatu kafa, viatu vimekufa, lakini karatasi inadunda!"

"Sasa anayevaa karatasi ni nani?" akauliza muuza mkaa.

Watu wakacheka. Bwana Kumbukumbu akawapuuza kama simba anavyopuuza nzi, akanyoosha fimbo katikati ya mlango.

"Na huyu sasa ndiye malkia! Malkia wa vikaratasi! Tazameni alivyogeuka rangi kama chai. Tazameni nakshi hizi. Na mwandiko huu, jamani, hakuna aliye hai anayeweza kuusoma. Kwa jicho langu la kitaalamu, babu yangu alipozaliwa alimkuta!"

Mama Sindano akatoka chumbani na kopo la vifungo mkononi, akasogea, akatazama. Akavaa miwani, akatazama tena.

"Baba," akasema, "huyo si wa babu yako. Huyo ni wa Jumanne."

Watoto mlangoni waliacha kutafuna.

"Wa Jumanne ipi?" akauliza Bwana Kumbukumbu, sauti imepungua.

"Hii iliyopita. Ni kikaratasi cha cherehani yangu. Sasa nakumbuka, nilikiweka dirishani."

Mambo yalikuwa hivi. Fundi alirithi karakana kwa baba yake, pamoja na maboksi ya vikaratasi vilivyochapwa enzi hizo, na hakuwa mtu wa kununua vipya wakati vya zamani havijaisha. Ama mwandiko usiosomeka, fundi mwenyewe aliandika kama kuku aliyekanyaga matope.

Wakajaribu kumbandua malkia. Walimkwangua kwa ukucha, wakamfukiza kwa mvuke wa birika. Wapi! Ile gundi ilikuwa imeshika kama deni la ukoo. Kona moja ikaanza kuchanika, na Bwana Kumbukumbu akapiga yowe kama aliyechanika yeye.

Mama Sindano akatazama jua. Akatazama mashati yasiyo na mikono.

"Shika huko mbele," akamwambia mumewe. "Tunakwenda na mlango."

Wakatoka. Mlango wa kabati ukapita mtaani kwa heshima zote, mume mbele, mke nyuma, majirani wakifuata kama wafiwa.

"Mnahama?" akauliza kinyozi.

"Hawahami," akajibu muuza mkaa. "Wanakwenda kuchukua cherehani."

"Kwani wanabadilishana?"

Bwana Kumbukumbu mwanzoni aliinamisha kichwa. Lakini watu walipoanza kusogea na kuchungulia, moyo ukamrudi. Akasimama, akakohoa.

"Ndugu zangu, hii hapa ni tiketi ya sinema ya..."

"Baba, tembea!"

Akatembea.

Walimkuta fundi ana kufuli mkononi. Aliutazama mlango, akawatazama wenye mlango, akautazama tena mlango.

"Sitengenezi makabati," akasema.

"Ni kikaratasi, mwanangu," Mama Sindano akahema. "Kiko hapo katikati."

Fundi hakucheka. Aliingia ndani akatoka na kipande chake, kwa kuwa kila kikaratasi alikichana vipande viwili, nusu ya mteja na nusu ya cherehani. Akakiweka ubavuni mwa malkia. Michaniko ikakumbatiana kama ndugu waliopotezana.

"Imekubali," akasema, na akatoa cherehani.

Mama Sindano akaligusa gurudumu lake. Likazunguka laini, bila mlio. "Ahsante Mungu," akanong'ona. Mikono ya mashati ilikuwa imepatikana.

"Haya, tubebe mlango wetu," akasema Bwana Kumbukumbu.

"Pole, mzee wangu," akasema fundi. "Cherehani ikitoka, kikaratasi kinabaki. Nakipigilia msumari ukutani, kisije kikadai cherehani nyingine. Marehemu baba alifanya hivyo."

Wakatazama ukutani. Vikaratasi vya miaka na miaka vilikuwa vimetundikwa hapo, tabaka juu ya tabaka, kama magamba ya samaki. Bwana Kumbukumbu akavisogelea. Mkusanyaji hodari kumbe alikuwepo, na hakuwahi kujigamba hata siku moja!

"Lakini changu kimeshikana na mlango," akasema.

"Basi mlango nao unabaki," akasema fundi, akauinua na kuuegemeza ukutani. Akachukua nyundo na msumari mrefu kama kidole cha shahada.

"Na tiketi zangu? Na barua zangu?"

Muuza mkaa alikuwa anajifuta machozi kwa ncha ya khanga. Mama Sindano akamtazama mumewe, mzee wa watu, shati limekunjamana, na moyo ukamlegea. Akamshika mkono.

"Baba, sebuleni kwetu waliziona majirani tu. Hapa kila mwenye cherehani au pasi mbovu ataziona."

Alifikiri. Akakubali kwa kichwa, taratibu. Lakini fundi alipouweka msumari katikati ya tumbo la malkia na kuinua nyundo, Bwana Kumbukumbu alisogea mbele, akavua kofia.

"Fundi, nakuomba, msumari upite pembeni."