Kiwanja Kando ya Reli

Sukari alinunua kabati kuukuu la stesheni ili auze mbao zake. Ndani akakuta ramani ya mji wao, ya enzi reli ilipoingia bondeni: reli imejinyonganyonga kama mnyoo mweusi, na milimani vimejaa vimistari vya rangi ya udongo. Vimistari hakuvielewa wala hakuvijali. Kilichomtoa udenda ni tawi la reli lililong'olewa zamani. Lilipita pale pale iliposimama gesti ya mjane mmoja.

Saa nne asubuhi alikuwa mapokezi, kafunga tai, kavaa sura ya msiba.

"Shikamoo mama. Reli ya zamani inafufuliwa. Treni itapita jikoni kwako."

"Marahaba. Jikoni kabisa?"

"Kabisa. Ila ushahidi wenyewe ni ramani hii moja tu. Mimi nina huruma, na huruma nayo ina gharama zake."

Mama aliinamia ramani, akapitisha kidole polepole, kisha akajifuta macho. "Pesa taslimu sina, mwanangu. Nina kiwanja, hiki hapa kando ya reli. Ukisimama juu yake unaona mji mzima."

Sukari akachungulia. Vimistari vilibanana hapo kuliko popote. Barabara hizo, aliwaza. Kabla ya adhuhuri wakili alishagonga muhuri: ramani kwa mama, kiwanja kwa Sukari.

Alasiri akaenda kukagua mali yake. Alimkuta ofisa wa manispaa akisimamia vibarua waliokuwa wakiondoa mawe relini.

"Natafuta kiwanja changu," Sukari alisema kwa maringo, akatoa hati.

Ofisa aliisoma mara mbili, akampa mkono kwa furaha ya mtu aliyesubiri miaka sita mwenye kiwanja ajitokeze. "Tazama juu."

Ulikuwa mwamba uliosimama wima. Hata mbuzi angeomba ngazi. Ofisa akamkabidhi barua: mwenye kiwanja ajenge ukuta wa kuzuia mawe ndani ya siku thelathini, la sivyo wakutane mahakamani.

Sukari alirudi gesti akihema. Ramani ilishatiwa fremu, na mama alikuwa akipangusa kioo chake.

"Mama, umeniuzia mwamba."

"Marehemu baba alikuwa kibarua wa wapima ardhi walioichora hii. Alinifundisha kuisoma kabla sijajua kuandika jina langu. Mistari ikibanana hivi, mwanangu, ujue mlima umesimama." Akafungua daftari la wageni. "Mafundi wako wa ukuta watalala wapi? Kwa mwezi mzima naweza kukupunguzia."

Sukari alivuta kiti akauliza bei.