Mwalimu Mstaafu Hang'oki kwenye Ratiba

Jumatatu, 3 Machi
Shule imelalamika. Programu yetu ya ratiba inampa vipindi mwalimu wa hesabu aliyestaafu mwaka jana. Faili jipya tumeshaliweka, yenyewe inang'ang'ania la zamani. Kwangu, kwenye kompyuta yangu, iko sawa! Bosi kasema atakayeirekebisha kufikia Alhamisi ndiye kiongozi wa timu. Shemeji, mdogo wake mke wangu, niliyemwombea kazi hapa kwa mdomo wangu, akatabasamu. Cheo hicho ni changu. Nimekingoja miaka sita.

Jumanne, 4 Machi
Nimefuta kila kitu, nimeijenga programu upya mara kumi na moja. Mzee bado anafundisha. Shemeji akanishauri niiulize programu faili inalitoa wapi. Nikamwambia nilianza kazi hii yeye akivaa kaptula. Maji hayapandi mlima.

Jumatano, 5 Machi
Mbinu mpya. Nimenakili faili jipya kwenye folda kumi na nne. Angalau nakala moja ionekane! Kwangu, safi. Kwa wengine, mzee yuleyule, vipindi viwili mfululizo asubuhi. Nimelaumu kompyuta zao.

Alhamisi, 6 Machi
Shemeji kaiuliza programu, nayo ikajibu. Kumbe inapitia vifurushi vya faili kwa foleni, inachukua faili la kwanza inalokutana nalo na kuishia hapo. Cha kwanza kwenye foleni: kifurushi changu, cha enzi nilipokuwa peke yangu ofisini, na ratiba ya zamani ndani yake. Nani alikitanguliza? Mimi. Mkubwa hutangulia. Kwenye kompyuta yangu sikuona kosa kwa sababu nimeielekeza moja kwa moja kwenye faili jipya. Shemeji akakiondoa. Kwa kufuta mstari mmoja! Cheo kapewa yeye. Mke wangu kasema nimpongeze ndugu yake. Imeniuma sana. Nimempongeza kwa kutikisa kichwa.

Ijumaa, 7 Machi
Mkuu wa shule kapiga simu kumshukuru Shemeji. Kifurushi changu, jasho la miaka sita, kimetupwa bila hata kuagwa. Wenzangu walipotoka kwenda kula, nimekirudisha. Mbele, mahali pake. Nimekijaribu kwangu, hakina neno.

Jumatatu, 10 Machi
Shule imelalamika. Mzee karudi darasani. Bosi kauliza nani atatafuta kosa. Nimenyoosha mkono kabla ya Shemeji. Nimeanza na kompyuta yangu. Kwangu iko sawa.