Tovuti ya Maktaba na Namba Zangu

Jumatatu, 8 Septemba 2025

Balaa! Bi Swaumu, mkuu wa maktaba yetu hapa Kisarawe, kaniita. Hata marahaba hajaimaliza. Chumba cha watoto cha kusomea kinatakiwa kiwe stoo ya viti vya plastiki, eti wasomaji wachache. Tukipata tovuti nzuri ya kuwavuta watu, chumba kitabaki. Wakubwa wa mkoa watakuja Ijumaa kuitazama, pamoja na ya maktaba ya Kibaha.

Ya Kibaha anaitengeneza Efrazia! Tulisoma ukutubi darasa moja. Alinipita kila mtihani, na kila mara akanipa pole. Pole zile zinaniuma mpaka leo.

Jumanne, 9 Septemba

Siku ya kuchagua programu ya kutengenezea tovuti. Ya kwanza ni ya bure. Nimeweka picha ya watoto wakisoma, chini yake likachomoza tangazo la kubeti. Bi Swaumu akauliza hii ni maktaba au kijiwe. Nimeifuta.

Ya pili rahisi mno: unaburuta picha, unaidondosha unapotaka. Kumbe ndiyo anayotumia Efrazia. Nimempigia kwa kisingizio cha salamu, kanieleza kila kitu, na kujitolea kunifundisha. Mjanja huyo! Nani anatoa siri yake bure? Nimeikataa programu yake papo hapo.

Ya tatu inataka uandike mwenyewe misimbo, yaani amri za kompyuta. Sijaelewa hata mstari. Nimechukua hiyo. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Jumatano, 10 Septemba

Nimeinama kutwa nzima. Mgongo unauma, cha mvunguni sijakiona. Ukurasa mweupe, mstari mmoja mweusi pembeni. Mke wangu Raudha kauliza kama nachora ukuta.

Halafu, baada ya magharibi, wazo! Tovuti za wengine zina vitufe vya maneno: Dini, Lugha, Kilimo. Mambo ya kitoto. Mkutubi hupanga vitabu kwa namba, kila somo na yake, kama kwenye rafu. Basi vitufe vyangu ni 297, 496, 630. Safi kabisa! Raudha kasema vimependeza, akanitengea muhogo. Mwanamke huyu ananipenda.

Alhamisi, 11 Septemba

Jaribio. Nimemwita Maulidi, bodaboda wa kijiji cha Masaki hapa wilayani, anayetafuta kitabu cha magonjwa ya mikorosho. Kabonyeza 297, akakuta funga ya Ramadhani. Kabonyeza 496, akakuta sarufi. Kaniuliza, kaka Maneno, mikorosho iko wapi humu? Nikamwambia kila mtu anajua kilimo ni 630. Akasema kwao Masaki hamjui mtu anayejua hilo. Masikini, kaondoka mikono mitupu.

Efrazia kapiga, anauliza kama nahitaji msaada. Nimemjibu mambo shwari.

Ijumaa, 12 Septemba

Nimetaka ardhi inimeze. Wakubwa wamebonyeza, wakatazamana. Mmoja kauliza kama hizo ni namba za simu. Bi Swaumu kainamia ncha ya ushungi wake. Chumba cha pili watoto walikuwa kwenye mkeka, wanasomeana kwa sauti. Chumba chao, na mimi ndiye ninayekitia viti.

Efrazia, aliyekuja kuonyesha ya Kibaha, akasimama. Kabonyeza 630 bila kusita, moja kwa moja hadi kwenye mikorosho. Akawaambia wakubwa kuwa mpangilio huu unashinda wake, umekosa maneno tu. Akauhamishia kwenye programu yake, akaandika Dini, Lugha, Kilimo, na chai haijapoa kazi ikawa imekwisha. Wakubwa wakacheka kwa raha. Chumba kinabaki! Bi Swaumu kalia mbele za watu.

Wakati wa kuagana Efrazia kanipa pole. Mara hii haikuuma. Nimemshukuru kwa moyo wote, nami nusura nilie.

Jumamosi, 13 Septemba

Chumba kimejaa. Maulidi kaja, kitabu chake ameshakiona kwenye tovuti, anataka kukiazima tu. Kanishika mkono kwa furaha. Kazi hii ni tamu jamani.

Nimetafakari sana kosa langu, na nimeliona. Namba zilikuwa fupi mno! 630 ni kilimo chote, lazima mtu apotee. Mwenye mikorosho apewe 634.573, afike mlangoni kwake. Jumatatu naondoa maneno ya Efrazia, taratibu, moja moja. Kibaha watanitambua!