Punda wa Muriuki na Ngazi za Ugiriki

Jumamosi hiyo benchi la nje ya duka la unga, hatua chache kutoka stesheni ya Blacktown, Sydney, lilijaa kabla ya saa nane. Kwa kawaida watu huja mmoja mmoja, macho mekundu ya shifti, kila mtu akidai anapita tu. Lakini siku hiyo kulikuwa na habari. Muriuki, ambaye miaka sita mfululizo akialikwa harusi hujibu hana likizo, alikuwa amerudi kutoka kisiwa kimoja kidogo cha Ugiriki, na ushahidi wa picha ulikuwa kwenye simu ya kila mtu.

"Hebu nione tena," alisema Callixte, akifungua chupa yake ya kahawa ya tangawizi. Mrundi huyu wanamwita Balozi, kwa kuwa huvaa koti la suti hata akienda kununua vitunguu. "Sasa Muriuki ni huyu wa kushoto, ama wa kulia?"

"Wa kushoto ana masikio marefu," Kawira akamwambia.

"Ndiyo maana nauliza."

Benchi likaangua kicheko. Muriuki alivuta kofia hadi kwenye nyusi, akachungulia saa kwenye simu yake.

Kawira hufanya kazi naye kwenye nyumba moja ya wazee huko Quakers Hill. Jina lake la benchi ni Sindano, maana ulimi wake huingia bila kupakwa spiriti. "Manze Muriuki, ndege mbili na feri moja, uende upige picha na punda? Si kwenu Mwea punda wamejaa barabara yote?"

"Huyo ni punda wa kisiwa," Muriuki akajitetea. "Huko hakuna gari. Kutoka bandarini mpaka kijijini ni ngazi tupu, mia tatu na kitu. Punda ndiye teksi."

"Tena anakula zeituni," aliongeza Masumbuko wa Kigoma. Huyu ni Jiografia. Tangu atue Sydney hajavuka hata mpaka wa jimbo, lakini hakuna nchi asiyoijua. "Na nyumba zao wanazipaka chokaa kila mwaka, kabla ya Pasaka."

"Na vivutio je?" Balozi aliuliza. "Uliona nini ya maana?"

"Kinu cha upepo."

"Kinasaga?"

"Kilikufa zamani. Halafu kuna nguzo tatu za hekalu, na nyingine zimeanguka. Hapo unalipa kiingilio."

"Unalipa kuona jengo limeanguka!" Sindano akapiga paja. "Kwetu likianguka tunatafuta kontrakta."

"Na makanisa. Watu mia mbili, makanisa arobaini. Mengine anaingia mtu mmoja na mshumaa wake."

"Mon frère, ndugu yangu, hata hapa Blacktown ni vile vile," alisema Balozi. "Wachungaji wawili wakigombana, Jumapili iko kanisa mpya."

Sindano alikuwa ameshafika picha ya pili. Hapo Muriuki alikuwa katikati ya ngazi, amemshika bibi mmoja mwenye gauni jeusi na kikapu cha nyanya. "Ngai! Hata likizo ulifanya shifti! Tazameni mikono. Mmoja kwa kiwiko, mwingine mgongoni, kama vile tulifunzwa."

Muriuki akajikuna shingo. "Nilimkuta amekwama. Mikono ilienda yenyewe tu. Kesho yake nikamkuta ananingoja. Siku ya tatu alikuja na wenzake wanne."

"Foleni!"

"Kisiwa ni wazee tupu. Vijana wote wameenda Athene, Melbourne, sijui wapi."

"Sasa mbona unaangalia saa kama mtu anangoja majibu ya visa?" Sindano akamuuliza.

Ndipo Muriuki akatapika yote. Mwezi wa sita mama yake alimwomba aende amwone, goti limeanza kumkatalia. Akamjibu kazini wamemnyima likizo. Uongo. Likizo alikuwa nayo mkononi.

"Mimi nyumbani siendagi likizo, naendaga kamati," alisema, na sauti ikamtoka kwa uchungu wa kweli. "Nikishuka tu Nairobi ni harusi ya huyu, kesi ya shamba ya yule. Nilitaka mara moja tu nikae mahali hakuna mtu anaitwa shangazi. Nikaficha status kwa ukoo mzima, jina kwa jina, watu sabini na wawili."

"Na mama?"

"Nilificha namba yake ya zamani. Hii mpya nilisahau. Na laini ni mimi nilimnunulia, Pasaka." "Zilpah, dada yangu, ameandika leo: mama ameona punda. Atapiga saa mbili za huko."

Saa mbili asubuhi za Mwea ni saa tisa alasiri za Blacktown. Zilikuwa zimebaki dakika saba.

"Patmo!" Jiografia alisimama wima. "Kisiwa cha Ugiriki, kidogo, kimo kwenye Biblia! Yohana alipata Ufunuo pale. Mwambie ulikwenda kuhiji."

"Kuhiji na kaptura?" Sindano akauliza.

"Alors, kwani Yohana yeye alivaa suti?" Balozi alishika kola ya koti lake. "Sema ulienda kuombea goti yake. Mama wa kanisa hawezi kukasirikia maombi."

"Nyinyi watatu, Shetani akipita hapa atachukua somo," Sindano akasema.

Muriuki alikuwa bado anajifunza sentensi hiyo midomoni simu ilipolia. Video. Kikatokea kipaji cha uso, kisha jicho moja, kisha mama mzima na leso yake. Alianza kwa Kikikuyu. Balozi, ubalozi ukampanda, akachungulia begani: "Shikamoo mama!"

"Marahaba. Hao ni marafiki zako?" Mama akahamia Kiswahili pale pale, makusudi, ili mashahidi waelewe. "Vizuri. Wasikie."

"Mama, ile safari ilikuwa ya maombi. Huko ndiko Yohana..."

"Picha ya pili. Huyo umemshika mkono kwa ngazi ndiye Yohana?"

Sindano aliuma kitambaa chake.

"Hapana, mama. Ni bibi wa huko."

"Hana watoto?"

"Ako na mmoja."

"Ako wapi?"

Muriuki alilitazama benchi. Benchi likatazama viatu. "Sydney, mama."

"Na mbona haendi kumwona?"

Jasho lilimtoka, na ilikuwa Agosti, baridi. "Humwambia... hapati likizo."

Nyuma ya mama ng'ombe alilia.

"Basi ukikutana na huyo kijana huko Sydney, mwambie mama yake anashikwa mkono na wageni. Na wageni hurudi kwao. Wacha nikakamue, goti likikubali. Na punda, Muriuki, hata hapa wako."

Simu ikakatika.

Sindano alikitoa kitambaa mdomoni. "Desemba uko na shifti ngapi?"

"Zote."

"Nitumie rosta. Nitakushikia."

Muriuki alitikisa kichwa kukubali, kofia ikiwa mkononi. Jiografia akainuka, akajipapasa mifuko mpaka akaipata simu yake.

"Unaenda wapi?" Balozi akamuuliza. "Kahawa iko bado."

"Kuna simu nataka kupiga Kigoma."

"Si upige hapa?"

"Hapa," Jiografia akasema, akiwa ameshafika kona, "mashahidi ni wengi."