Kiti cha Kwinoni na Maharagwe Yangu

Jumatatu, 23 Novemba 1987
Kasyoka amepita tena! Yeye ndiye mkubwa wa mwethya, kikundi chetu cha kulimiana mashamba kwa zamu. Ameniuliza mbele ya watu, Mama Muthoki, hapa unapanda maharagwe ama unaficha fisi? Zamu yangu ni Jumamosi. Watayaona magugu yote! Haiwezekani. Stoo kuna mkebe wa dawa ya magugu alioacha shemeji Kilonzo, anafanya kazi shamba kubwa la mahindi huko Kitale. Umechorwa mahindi mazuri, yananenepa. Basi ni dawa nzuri.

Jumanne, 24
Nimepiga dawa shamba lote na pampu ya kunyunyizia kahawa, binti yangu Muthoki bado amelala. Mgongo unauma, moyo unacheka. Nimemtumia Kasyoka salamu: Jumamosi wasibebe majembe, waje chai tu.

Ijumaa, 27
Uuui! Magugu yanakauka. Mahindi hayana neno. Lakini maharagwe! Nimeyapanda katikati ya mahindi kama kila mtu hapa Mbooni, na sasa majani yameungua ukingoni kama yamepigwa pasi. Hicho ndicho chakula chetu mpaka mvua ingine. Isyo bila maharagwe si isyo, ni mahindi ya kuchemsha!

Nimemwita Muthoki, msichana wangu wa chuo kikuu. Chuo kimefungwa, yuko nyumbani. Amesoma mkebe akashika kichwa. Mwaitu, mama, hii ni ya mahindi peke yake! Nikauliza dawa inajuaje hili ni haragwe.

Akaniketisha. Anasema ndani ya jani, jua likipiga, kuna mizigo midogo inaitwa elektroni. Mbebaji ni kwinoni. Anakaa kwa kiti chake ndani ya protini, anapakiwa mizigo miwili, anaondoka, mwingine anakaa. Kama sisi kisimani: ukijaza, unampisha mwenzako. Sasa hii dawa inakalia kile kiti na haibebi kitu! Jua linazidi kupiga, mizigo haina wa kuibeba, jani linajiunguza. Mahindi yanaivunja dawa kabla haijafika kitini. Maharagwe hayana hiyo akili.

Nimetoka nje nikatazama juu. Jua hili letu! Ndilo linamaliza kazi!

Basi tutalinyima nafasi.

Jumamosi, 28
Nimefunika maharagwe. Blanketi, leso, shuka, na majoho ya kwaya niliyopewa kufua. Muthoki amelia, ama amecheka, sikujua. Anasema kivuli kinachelewesha tu, dawa haijatoka kitini, na jani bila jua linakufa njaa. Mtoto huyu! Kila mlango anafunga.

Mwethya wakafika. Kasyoka akauliza nani amelazwa hapa, ama maharagwe yameshikwa na malaria? Walicheka mpaka wakashikana mabega. Halafu akainua joho, lake mwenyewe, akaona jani. Akaenda kwake akarudi na bakuli la mbegu za maharagwe, akaniambia nipande kule chini kwa migomba, dawa haikufika. Wakachukua majembe yangu wakalima hapo hapo, chai ikapoa. Nimelia mbele yao wote!

Jumapili, 29
Kwaya imeimba na matope kwenye majoho. Sikuinua macho.

Lakini mahubiri yakiendelea nimewaza. Kama mahindi yanajua kuvunja dawa, si ujuzi uko ndani ya majani yake? Nimechemsha majani ya mahindi sufuria nzima. Supu ni kijani kabisa! Kesho Muthoki akienda kuchota maji nitanyunyiza. Na kwa shukrani nitaanza na maharagwe ya Kasyoka shambani kwake, yasije yakapatwa kama yangu. Pampu sijaiosha tangu ile dawa ya Jumanne, maji yenyewe ni ya taabu. Haina neno. Supu itaisuuza ikipita.