Haki za Dereva Aliyeonja

Venelin alipoona magari yamepangana nje ya mtambo wa rakia, ile pombe kali ya zabibu, wa kijiji cha Dolno Lozevo, alipunguza mwendo, akashusha kioo, akavuta harufu ya zabibu zinazochemka, na moyo ukamwambia: riziki hiyo. Kila mwenye gari pale alikuja kupika pombe yake ya mwaka, na kila mmoja angerudi nyumbani akiendesha mwenyewe. Kupika bila kuonja ni dhambi. Sisi Wabulgaria hatulewi, tunaonja tu. Bahati mbaya kipimo cha trafiki hakijafundishwa kutofautisha.

Huyu Venelin alikuwa mjanja wa mji wa Plovdiv aliyesoma sheria mwaka mmoja, kisha sheria ikamchoka. Mali yake duniani ilikuwa moja, Mercedes nyeusi aliyoinunua kwa kuuza shamba la mizabibu la marehemu mama yake, na aliipenda kuliko alivyowahi kumpenda binadamu. Siku hiyo alikuwa anaitafutia mwenzake. Akaiona pale pale: Skoda mpya ya Mzee Gencho, zawadi ya binti yake aliyeko Ujerumani.

Alisogea karibu na moto, akaanza kumwaga sheria bure. Dereva, alisema, ana haki ya kutokiamini kile kidude cha kupuliza na kudai apimwe damu hospitali. Ana haki ya wakili. Yote hayo yalikuwa kweli, na wazee walitikisa vichwa kwa heshima. Ndipo akachomeka yake: serikali huchukua gari la mlevi likiwa la kwake tu, kwa hiyo mwenye busara huliandikisha kwa mtu mwaminifu, tuseme wakili, akapita salama, kesho akarudishiwa.

"Na wewe ni wakili?" Mzee Gencho aliuliza.

"Mzee, nikikujibu ndiyo, nitaonekana najisifu."

Gencho alisema maneno ni mazuri, lakini kwetu gari halizungumziwi midomo ikiwa mikavu. Likibadili mkono bila kunywewa, litalala mtaroni kabla ya Krismasi, na anayelipokea ndiye hugonga glasi na kila aliyepo. Venelin hakuwa mtu wa kunywa kazini. Aliiangalia Skoda, akanywa. Akagonga na wa pili, na wa tatu, na foleni ilikuwa ndefu. Rakia inayotoka kwenye bomba ikiwa vuguvugu hushuka taratibu kama uji, halafu huamka baadaye ikiwa na hasira.

Pembeni alikaa Mama Tsonka, mjane, akimenya pilipili za kuchoma kwa ajili ya saladi. Ujana wake wote aliendesha trekta la ushirika, na sasa dawa za presha zilimkataza hata kuonja.

"Mwanangu," alisema, "mimi sikusoma. Ila trafiki wako darajani tangu asubuhi, na wewe umekunywa. Utapitaje?"

"Nitapita, mama. Sheria naijua."

"Wanasema mganga hajigangi. Gencho anaogopa. Jigange kwanza, aone dawa yako inavyofanya kazi."

Hapo mtu mwenye akili angeaga. Lakini tamaa ina hesabu zake, na Venelin alipiga hesabu haraka: Mercedes ilale kwa jina la bibi wa pilipili usiku mmoja, Skoda iwe yake maisha. Tena mthibitishaji wa mikataba alikuwepo, Bi Iskra, akisubiri zamu ya pipa lake, naye mhuri hauachi nyumbani hata akienda kanisani. Bi Iskra aliuliza kama anavyotakiwa kuuliza: anayetia sahihi amelewa? Maana sahihi ya mlevi si sahihi. Venelin aligeuza uso pembeni ili asimpumulie, akapiga ishara ya msalaba, akaapa kwamba tone halijagusa ulimi wake. Waliogonga naye glasi wote walikuwa wanasikiliza, na hakuna aliyecheka. Akatia sahihi, mhuri ukagongwa, na Mercedes ikawa ya Mama Tsonka.

Gencho alisema yeye atasaini hati ya Skoda pale Mama Tsonka atakaporudi na habari za darajani. Basi wakaondoka wawili, Venelin kwenye usukani, mama pembeni na mkoba mapajani.

Darajani Venelin alipuliza, na namba iliyotokea ilimfanya afande amwite mwenzake naye aje aione. Venelin hakutetereka. Alidai damu. Afande akakubali kwa adabu, akamwandikia cheti cha kwenda hospitali, akamwonya asichelewe. Kisha akauliza gari ni la nani.

"La huyu mama," Venelin alisema, akitabasamu. "Kwa hiyo hamlichukui."

"Hatulichukui. Mama ataondoka nalo. Wewe utailipa serikali thamani yake."

Sehemu hiyo ya sheria ilifundishwa mwaka wa pili. Venelin alishika mlango wa gari, na kwa mara ya kwanza tangu msiba wa mama yake alijisikia kulia. Alipogeuka, Mama Tsonka alikuwa keshahamia kwenye usukani na anasogeza kiti mbele.

"Mama, mwambie ule ulikuwa mchezo."

"Mchezo gani? Uliapa mbele za watu."

"Nilikuwa nimelewa. Sahihi ile si sahihi."

"Basi mwambie afande, huyu hapa. Ukisema ulikuwa umelewa, gari ni lako, na watalivuta sasa hivi. Ukisema ulikuwa mzima, ni langu. Chagua, mwanangu. Ni haki yako."

Afande alisubiri, kalamu mkononi. Venelin aliitazama kalamu, akaitazama Mercedes, akaachia mlango. Mama Tsonka aliwasha injini. Ndipo Venelin alipomwomba, kwa sauti ya chini, amfikishe hospitali.

Mama alimtazama kwenye kioo.

"Panda nyuma," alisema. "Na ukitaka kutapika sema mapema, gari la watu hili."