Ukoo wa Gitobu Ndani ya Tovuti

Jumatatu, 3 Juni
Habari kubwa! Ijumaa ushirika wa wakulima wa ndizi, Mitunguu, utachagua fundi mmoja wa kudumu wa kutunza tovuti yao. Tuko wawili: mimi na Kendi. Kendi ni msichana wa juzi, na hajawahi kusahau neno la siri. Mimi nina kitambi na mipango. Bosi wetu Naftaly asema watamchukua atakayewapendeza kwenye onyesho. Nimewaza mpaka chai ikapoa. Nimepata!

Jumanne, 4 Juni
Mpango ni huu. Zamani kila faili la tovuti lililazimika kuita mengine moja moja, kama karani anayesoma majina barazani. Kendi aliondoa hayo yote kwa kuweka autoload. Kila klasi, yaani kipande cha programu, ina namespace, yaani jina la ukoo. Ukoo una folda yake. Ramani moja inaambia mashine ukoo unaishi wapi. Ukiita klasi, inakuja yenyewe. Kazi safi, nakubali. Lakini ukoo wenyewe aliuita Ushirika! Jina lisilo na mwenyewe. Nimebadilisha kote. Gitobu\Mkulima. Gitobu\Ndizi. Gitobu\Mizani. Nani atamwacha fundi ambaye jina lake liko juu ya kila faili?

Jumatano, 5 Juni
Nimerekebisha na ramani, kwenye laptopu yangu. Inateleza kama siagi! Kendi ameona. Ameuliza, mzee wangu, kwani hawa wakulima wote ni watoto wako? Nikasema ndio mtindo wa kisasa. Akauliza kama nitaijenga upya ramani ya kwenye seva pia, ile kompyuta inayowafikishia watu tovuti. Nikamwambia, dada, mimi nilianza kompyuta wewe ukiwa nasari. Akasema hilo si jibu. Kwangu lilitosha.
Jioni nimemwonyesha mke wangu Gacheri jina letu kwenye kioo cha laptopu. Amesema ni zuri sana, sasa Baba Mutuma nenda ukamfunge ng'ombe.

Alhamisi, 6 Juni
Nimepandisha mafaili yote kwenye seva. Kufungua tovuti kuangalia? Ya nini! Nimenyoa ndevu. Nimepiga pasi shati jeupe.

Ijumaa, 7 Juni
Ole wangu.
Ukumbi wa kanisa ulijaa. Mwenyekiti, Mzee Kaburu, akafungua kwa sala ndefu. Nikabonyeza ili projekta iionyeshe tovuti ukutani. Ukuta mzima, herufi kubwa kama ndama: Class "Gitobu\Mkulima" not found. Haipatikani! Nikajaribu Ndizi. Gitobu haipatikani. Mizani? Vilevile. Mama mmoja wa mstari wa mbele akasema pole jamani, huyu Gitobu alipotea lini, na polisi wameambiwa? Mzee Kaburu akamtuliza: si ndiye huyu hapa, mwenye shati jeupe, anayetoa jasho.
Ramani haipandi na mafaili, hujengwa hukohuko, na seva ilikuwa bado na ile ya zamani. Ushirika ilijua unapoishi. Gitobu haikumjua kabisa.
Kendi akainuka, akaandika amri moja, ramani ikajengwa upya, wakulima wakatokea ukutani wote. Vigelegele! Kazi amepewa yeye. Nilipiga makofi pia, polepole.

Jumatatu, 10 Juni
Jana baada ya ibada nilisalimiwa kuliko pasta. Mzee Kaburu alipiga simu kunijulia hali. Asema Mitunguu nzima, mtu akikosa mkutano, sasa wanasema amefanya Gitobu. Gacheri alicheka mpaka akakaa chini.
Wacha acheke. Nimetafakari kwa makini. Jina langu limefika Mitunguu kwa siku moja! Kwa hivyo jina halikuwa kosa. Kosa ni kwamba lilikuwa fupi.
Leo Naftaly amenipa wakulima wa ngano, Timau. Onyesho Alhamisi. Nimeshaanza, na ukoo nimeuita GitobuNaWanawe. Kwenye laptopu jina linang'aa ajabu! Kendi ametuma ujumbe: mzee wangu, tafadhali, ramani ya seva. Nimemjibu asante dada, hilo halinitoki tena akilini.
Nitaijenga mara tu baada ya onyesho.